Shimo la Nankervis Lisilale

Jabez Nankervis alikuwa na leseni ya kuchimba dhahabu, na ada yote alishaitoa. Ila aliiacha hemani, ndani ya koti, maana shimo lilikuwa na maji ya magoti na karatasi ikilowa haisomeki. Askari wa farasi walipokuja kukagua, walimtoa na matope yake wakamfunga mnyororo kwenye gogo, nje ya kambi ya serikali.

Mkewe, Keziah, aliipeleka leseni mbio. Ofisa hakuigusa.

"Sheria inataka awe nayo mwilini, mama. Atalala hapa."

"Akiingia nayo majini, mnasema imefutika. Akiiacha pakavu, mnasema hana. Aishike kwa meno, bwana?"

Askari mmoja alicheka. Keziah hakupata zaidi ya hicho kicheko, akageuka. Desturi ya machimbo ya Bendigo, kule Australia, haikuwa na huruma: shimo likishinda kutwa bila mchimbaji, atakayeingia kwanza ndiye mwenyewe. Na nguvu za mgongo wa Jabez zilikuwa zimeishia mle.

Keziah alimkuta jirani yao, Phelim Geraghty, amesimama ukingoni mwa shimo, sululu begani, utepe mwekundu kofiani. Wiki ile wachimbaji wote walivaa nyekundu, wameapa ada ishushwe, la sivyo hailipwi.

"Nilikuwa napita tu, mama."

"Na sululu? Utepe huo wa nini, Phelim, wa harusi?"

"Wa kupinga dhuluma."

"Asubuhi serikali imenichukulia mume, mchana wewe unachukua shimo. Mmegawana zamu?"

Phelim aliinamisha uso. "Shimo langu halina kitu. Na watoto wanakula."

Keziah alimpima. Kumfukuza angeweza, lakini ndoo za udongo nani angezivuta?

"Nivutie ndoo mpaka atoke. Kitakachopatikana, robo yako."

"Nusu."

"Nusu kamwombe ofisa."

Phelim alitua sululu, akashika kamba. Keziah akakaza sketi kiunoni, akashuka kwenye maji baridi.

Jabez alirudi kesho yake, vifundo vya mikono vimevimba. Alimkuta Phelim kwenye kamba, akaelezwa mapatano.

"Robo ya shimo langu?"

"Lingekuwa lake lote," Keziah alimjibu kutoka chini.

Jabez alitafuta hasira, akakosa hata nguvu ya kuibeba.

"Leo tunaandamana kwa ofisa," Phelim alimwambia. "Njoo."

"Nendeni," alisema Keziah. "Ila kwa zamu. Mmoja abaki avute ndoo."