Loki ya Gari ya Haji Kwenye Njia ya Kinna

Mama yangu alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na katika nyumba yetu hapo Isiolo hata baba, mtoto wa askari mwenye sauti ya askari, hakuruhusiwa kuigusa. Siku moja mama ameenda mazishi, mimi nikaifungua. Nilitaka tu kuona ile sindano inapandishwa na nini. Skrubu moja ikaanguka, kuku akaimeza mbele ya macho yangu. Nilichapwa mimi, kuku akachinjwa, skrubu ikapatikana. Shule niliacha darasa la tatu, lakini tangu siku ile mtaa wote ulijua kuna mtoto haogopi kufungua kitu. Wakaanza kuleta redio, wakaleta pampu, wakaleta malori. Na ndivyo, miaka ya themanini, Haji Guyo akaniletea gari isiyo na klachi ya mguu.

Haji alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, na gari hiyo ya otomatiki aliinunua kwa mzungu mmoja wa Nanyuki aliyekuwa akirudi kwao. Wacha nieleze, maana nimechoka kuulizwa. Kati ya injini na giaboksi kuna bakuli ya chuma imejaa oili. Injini inazungusha oili, oili inazungusha giaboksi, kama unavyokoroga uji kwa kijiko kimoja, uji ukasukuma cha pili. Kwa hivyo kuna kuteleza, na kuteleza kunaleta joto. Gari ikishika mwendo, klachi ndogo ndani ya bakuli inafunga pande mbili ziwe kitu kimoja. Hiyo ndiyo loki. Ya Haji ilikuwa inafunga mapema, gari inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, basi fundi aliyenitangulia akakata waya wake akaenda zake. Bila loki oili ikawa inachemka, na mara mbili Haji alilala porini.

Akaniambia, "Fundi, Alhamisi binti yangu wa bibi mdogo anaolewa Kinna, baada ya alasiri. Mimi ndiye walii wake, bila mimi hakuna nikaha. Utarekebisha njiani."

"Haji, panda lori."

"Niende kumwoza binti nimekaa juu ya mbuzi?"

Nikakubali. Huo ulikuwa ujinga wangu mwenyewe, sisingizii mtu.

Saa moja asubuhi tulitoka Isiolo, yeye kwenye usukani. Waya nilikuwa nimeurudisha. Kilichobaki ni kebo inayotoka kwa eksileta kwenda giaboksi: unakaza nati nusu mzunguko, unajaribu barabarani, unakaza tena, mpaka loki ishike wakati wake. Kujaribu kwenyewe kunataka mwendo mmoja na mguu mbali na breki, kwa sababu ukigusa breki tu, loki inaachia. Nilimwambia hivyo Haji mara tatu.

Hatujamaliza maili tano, mzee mmoja na ngamia wake. Haji akakanyaga breki.

"Haji!"

"Nimpite mtu mzima na vumbi?"

Akashusha kioo. Salaam aleikum, aleikum salaam. Nagaa? Nagaa, amani tu. Watu wazima? Mbuzi wazima? Ngamia je? Mvua je? Halafu upande wa mzee kuuliza yote hayo, kutoka mwanzo. Nilihesabu nzi kwenye kioo. Tukaondoka, mwendo ukapanda, nasikia loki inataka kushika, wanawake wawili na punda. Breki.

Saa tatu nilikuwa chini ya gari mara ya nne, changarawe moto inanichoma mgongo, nikikaza nati ambayo sijui kama imelegea au imekaza, maana hakuna jaribio hata moja lililokwisha. Na Haji ananiita kutoka juu, "Fundi, toka usalimie, huyu ni mtu wa ukoo!" Wote walikuwa watu wa ukoo.

Saa sita tulifika Kula Mawe, oili inanuka. Tukasubiri ipoe zaidi ya saa nzima. Watu wakatuzunguka kwa chai na mashauri. Mmoja akasema, "Muwekee gia ya mkono, huyu mzee ana mkono wa kusalimia kutwa." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia Haji, "Sasa naendesha mimi, wewe kaa nyuma. La sivyo alasiri itatukuta hapa na binti yako atabaki bila walii." Akaingia nyuma, amenuna.

Nje ya Kula Mawe barabara imenyooka. Nikapanda mwendo. Mbele kukatokea mtu kando ya njia, ameinua mkono.

"Simama, kuna mtu."

"Dakika moja tu, Haji!"

Nikampita. Na wakati ule ule loki ikashika, tamu, bila mtetemo, injini ikatulia kama imelala. Wallahi nilitaka kuimba. Haji alikuwa amegeuka, anaangalia kioo cha nyuma.

"Fundi," akasema polepole. "Umempita mama mkwe wangu."

Nikageuza gari. Tulimkuta ameketi katikati ya barabara, kibuyu cha maziwa ya harusi mapajani, mweupe kwa vumbi kutoka kichwa hadi ndala. Haji, kwa heshima ya mkwe, hakuthubutu hata kumtazama usoni. Nikaenda mimi.

"Akko," nikamwita, kama wanavyoita nyanya zao, "nisamehe, nilikuwa nasikiliza injini."

"Injini ni mtu?"

"Hapana, Akko."

"Ilikusalimia?"

"Hapana."

"Basi panda na injini yako, mimi siketi gari moja na wewe."

Haji akalia, "Mama, alasiri inakaribia!" Ajuza hakusogea. Huyu ndiye mama wa bibi mdogo, na bila nyanya yake binti asingetoka ndani. Bila Haji, hakuna nikaha. Waliokuwa wanafaa kufika walikuwa wawili, na wa ziada alikuwa mimi.

Sikubishana. Miaka yote nimefungua vitu ili nijue vinavyofanya kazi, na siku hiyo nilijifunza kwamba gari unaweza kuipima peke yake, lakini njia ina wenyewe. Nikaweka spana juu ya boneti, nikageuka nikaanza kutembea kurudi Kula Mawe.

"Fundi! Sasa nifanye nini?"

"Usiguse breki!"

Nikasikia milango, nikasikia gari inaondoka, sauti inapanda, inapanda, kisha ikatulia. Loki imeshika. Nilisimama nikisikiliza mpaka ikapotea kwa mbali, na haikuachia. Sikugeuka nyuma, na gari ile sijaigusa tena.