Binti yangu alikuwa anatoroka shule kuja kuchungulia geti letu

Wakuu, salamu kutoka Muthara, Meru. Hii siipambi, imenitokea mwenyewe.

Mume wangu ni mwanajeshi, yuko kazini Somalia. Binti yetu Kendi yuko Grade 4. Muhula uliopita alianza utoro. Kila break mbio mpaka nyumbani, anachungulia getini, anarudi. Darasani hashiki chochote.

Hasira zetu za Kimeru mnazijua. Nilimchapa, mara mbili. Bado najuta.

Mwalimu wa guidance, yule wa ushauri shuleni kwao, hakumchapa. Siku moja alimfuata polepole, kisha akanikuta nikichambua maharagwe.

"Mama Kendi, huyu si mtoro. Anakuja kuangalia kama kuna gari ya jeshi kwa geti."

Nilikaa chini, wakuu. Jirani yetu, naye mwanajeshi, alipouawa huko Somalia, gari la jeshi lilileta habari mchana, watoto wake wakiwa shuleni. Walirudi wakakuta matanga yameanza. Kendi aliyaona hayo. Na mimi habari za Somalia zikianza nilikuwa nazima redio, nikidhani namlinda.

Mwalimu akatukalisha ofisini kwake. Nikamwambia Kendi ukweli: baba yuko mahali pa hatari, na mimi pia huogopa. Nikamwahidi kukiwa na habari mbaya nitakuja shuleni mwenyewe, nimwambie kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mbio zikaisha.

Basi wiki ya tatu mvua ikanyesha, na mimi na ujuaji wangu nikampelekea sweta. Aliponiona dirishani alipiga yowe darasa zima likasimama.

Jamani! Nilisahau ahadi yangu mwenyewe: kwake, mimi kufika shuleni ni habari mbaya. Nilimkumbatia nikisema, "Baba yuko sawa, ni sweta tu." Mwalimu alikaa naye mpaka akatulia. Tukakubaliana vitu vya kawaida niwe namwachia mpishi wa shule.

Ijumaa iliyopita saa kumi ikapita, Kendi hajafika. Saa kumi na moja, wapi! Nikatoka mbio na malapa.

Karibu na shule nikakumbuka sweta, nikajibanza kwa ua. Alikuwa uwanjani na wenzake, wanacheza mpira, anacheka.

Akaniona. Akasimama na mpira mkononi, akanitazama usoni kwa muda.

"Mami, enda nyumbani! Tunashinda!"

Nilirudi nikilia na kucheka.

Nilichojifunza: mtoto ukimficha hofu, ataibeba peke yake. Wake wa wanajeshi mlio humu, nyinyi huwaambia watoto nini? Na shule zenu zina mwalimu kama huyu wetu?