Mafuta ya Pamba Kwenye Pampu ya Klachi

Pleti ya klachi ikiungua hutoa harufu kali, kama kwato za ng'ombe zilizotupwa motoni, na harufu hiyo ndiyo iliyolijaza lori letu mchana ule tulipokuwa tukitoka Nkoma na shehena ya pamba. Nilikuwa darasa la sita, shule zimefungwa, nimebanwa katikati ya mama na mjomba Mayunga. Lori lilikuwa la mama, kuukuu, la kubebea pamba wakati wa msimu na mpunga baada ya hapo. Mjomba, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye alikuwa dereva. Kila alipotaka kuingiza gia ya pili, gia iligoma na kusaga kwa mlio uliotingisha viti. Mama aliziba pua kwa upindo wa kanga. "Mayunga, unaliua gari," alisema. Mjomba alikanyaga klachi mara mbili, akasukuma tena, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Mimi niliyatazama magoti yangu, kwa kuwa nilijua jambo wasilolijua.

Mjomba alinipenda, na alinifundisha lori kama wengine wanavyofundisha watoto kusoma. Mama hakupenda msichana apande juu ya gari, kwa hiyo lilikuwa jambo letu wawili. Asubuhi za Jumamosi, mama akishaenda sokoni, nilimsalimu mjomba "Mwangaluka", naye akanikabidhi kitambaa na chupa. Nilikagua maji ya rejeta, kisha kile kikopo kidogo cha plastiki chenye mafuta ya klachi. Yakipungua, niliongeza mafuta ya breki ya kwenye chupa, maana klachi hutumia hayohayo, basi. Jumamosi moja nilikuwa na haraka, wenzangu wananisubiri kwenda kucheza rede, na chupa ikaniponyoka. Udongo ulikunywa yote. Mjomba alikuwa upande wa pili akifunga turubai. Ningeweza kumwita. Badala yake nilikimbia jikoni, nikachota mafuta ya kupikia, yale ya mbegu za pamba, maana rangi zilifanana, nikajaza kikopo hadi kwenye alama. "Tayari?" aliuliza. Nikasema tayari. Alinipigapiga begani na kuniita fundi wake.

Kutoka Nkoma siku ile tulijikokota hadi kwa fundi Shabani, pale Somanda. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia iliyolowa grisi. Alizima injini, akajaribu gia zote; ziliingia laini kama kisu kwenye ugali. Akaiwasha, akajaribu tena, zikasaga. "Gia boksi ni nzima," alisema. "Klachi ndiyo haiachii." Kesho yake alishusha gia boksi, na pleti ikatoka nyeusi, imelika mpaka kwenye ribiti, vile vichuma vinavyoishikilia. Aliinua juu mama aione. "Mama, hii ni ya dereva anayelaza mguu juu ya klachi safari nzima." Mama alimgeukia mdogo wake. Mjomba alisema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi siendeshi hivyo. Unanijua." Mama akajibu kwamba fundi ndiye anayejua. Nilikuwa nimeshika sinia la nati. Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza. Jioni ile mjomba aliweka ufunguo mezani, akafunga nguo zake kwenye mfuko, akaondoka kwenda Maswa kutafuta kibarua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Pleti mpya ilifungwa, dereva mpya akaajiriwa, na kabla ya mwezi kwisha ule mlio ukarudi. Safari hii fundi Shabani alikuna kichwa, akabonyeza pedeli kwa mkono, akaona inapanda polepole kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Akaifungua pampu ya klachi, ile inayopokea mafuta ya kile kikopo. Raba zake zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolala majini. Alichovya kidole, akanusa, akaonja kidogo. "Haya ni mafuta ya kupikia," alisema. "Ndiyo yaliyovimbisha raba. Pedeli hairudi yote, pleti inasuguka bure, mwisho inaungua. Nilipaswa kuanza na pampu tangu mwanzo." Mama aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikishinda nyumbani, "Ni Mayunga aliyekuwa anaongeza mafuta humu?" Sikulia, wala sikusita. Nilisema, "Ndiyo, mama." Kimya changu cha mwanzo kilikuwa cha mtoto mwenye hofu. Hili la pili sijui nilipe jina gani.

Miezi ilipita. Mjomba alirudi kwenye harusi ya ndugu yetu huko Nkoma, amekonda, amevaa shati ninalolifahamu. Mama hakuweza kujizuia. Mbele ya shangazi na wajomba alimwuliza ni dereva gani duniani anayetia mafuta ya kukaangia kwenye klachi. Watu wakacheka. Mjomba alishangaa kwanza, kisha macho yake yakanitafuta katikati ya wasichana wenye sufuria, yakatulia kwangu. Nilingoja aseme. Aliugeukia umati. "Kweli, dada. Nilikosea. Nisamehe." Tangu siku hiyo jina lake kwenye ukoo likawa Mafuta, na hakuna jamaa yetu yeyote mwenye gari aliyempa tena ufunguo. Alifungua kibanda cha kuziba pancha huko Binza, na hapo akazeekea.

Sasa nina miaka thelathini na kitu, na lami imefika mahali ambapo tulikuwa tukikwama kwenye tope jeusi. Mwaka jana, kwenye kikao cha familia, mtu alianza tena kile kisa cha mafuta, mjomba akacheka pamoja nao kama kawaida yake. Nilisimama. Nilieleza yote, chupa, jiko, na lile "ndiyo, mama". Mjomba alisema, "Kaa chini, ng'wanone, mwanangu. Ulikuwa mtoto." Mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alivuka ukumbi polepole, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, na mjomba akahangaika kumwinua. Nilidhani ningejisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo, kwani mtu mzima alikuwa ametoa jina lake ili langu lisichafuke, na jina halirudishwi kwa hotuba. Wajukuu wa ukoo waliozaliwa juzi wanamkimbilia wakimwita Babu Mafuta. Hawajui lilitoka wapi. Naye huitika.