Nilivyotenganisha sakafu ya mashine ya mpunga Kibiti, mjane aliye edani akanisimamia kazi

Wakuu, nawasabahi. Nimeona vijana wa ujenzi humu wanabishana kuhusu kelele na vibration kwenye majengo, nikasema ngoja niweke yangu. Siongezi chumvi, walioshuhudia bado wapo Kibiti.

Ni miaka ile ya ruksa, watu binafsi wameanza kuleta mashine zao. Mimi fundi mwashi, kwetu Ruaruke, kijana mwenye kupenda sifa. Hizo sifa ndizo zilizoniponza, mtaona.

Kuna bwana pale Kibiti alinunua mashine ya kukoboa mpunga, injini ya dizeli, akaifunga chumba cha mbele cha nyumba yake. Msimu haujaisha, akafariki. Mkewe, Bi Salma, akakaa eda chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mashine.

Sasa piga picha. Mjane hatoki wala hahami, miezi minne na siku kumi. Injini inapiga kutwa. Kitanda kinasogea, plasta inadondoka, kichwa kinamuuma mpaka anatapika. Na mashine ikizimwa watoto wake wanne hawali, maana hiyo ndiyo iliyobaki.

Shemeji yake, Mzee Abdu, akaamua iuzwe. Mnunuzi wa Ikwiriri keshapatikana. Bi Salma akakataa katakata, akaomba wiki tatu aitwe fundi. Nikaitwa mimi.

Nilichokuta: sakafu ya nyumba nzima ni zege moja. Injini ikitikisika mbele, kitanda cha mama nyuma kiko juu ya zege lilelile.

(Kabla yangu walishaweka vipande vya tairi chini ya injini. Lakini bolti zilipita kwenye mpira zikaenda kuuma zege. Kazi bure.)

Nikavunja sakafu kuzunguka mashine. Nikachimba, nikashindilia mchanga wa mto, juu nikapanga tairi za lori, kisha nikamwaga msingi mzito wa mashine peke yake. Kati yake na sakafu ya nyumba nikaacha mfereji wa vidole viwili pande zote.

Bi Salma sikuwahi kumwona. Tuliongea ukutani tu. Aliniambia ataweka bakuli la maji chini, na maji ndiyo yatakayoamua.

Siku ya kujaribu ikafika. Mzee Abdu na mnunuzi wamesimama mlangoni, injini ikawashwa.

"Fundi, maji bado yanacheza," Bi Salma akasema kutoka upande wa pili wa ukuta.

Wakuu, mnunuzi akaanza kupima mlango kwa kamba, aone mashine itatokaje. Mzee Abdu akaizima injini bila kuniangalia.

Bi Salma akaniita tena. "Nimekusikia unachimba, nikakusikia unajaza. Juzi nikasikia mwiko unateleza kutoka kwenye mashine mpaka huku ukutani kwangu, haukatiki. Ulikuwa wafanya nini?"

"Napiga niru ya saruji, Bi Salma. Sakafu ipendeze."

"Basi umeshona ulichokata," akasema.

Niliona aibu, sitaki kudanganya. Ili niru yangu ing'ae bila mkato, nilikuwa nimeziba mdomo wa ule mfereji kwa zege jembamba. Mtikisiko ulikuwa unavuka juu ya urembo wangu mwenyewe.

Nikachukua nyundo na tindo, nikabomoa ukingo wote mpaka mfereji ukabaki wazi. Juu nikalaza ubao, nikaupigilia upande mmoja tu ili usiunganishe pande mbili. Injini ikawashwa upya.

Nikaweka sikio ukutani kwa Bi Salma.

"Naisikia inanguruma," akasema, "lakini chumbani kwangu haimo. Maji yametulia. Shemeji, mwambie mgeni anywe chai aende zake."

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Mnunuzi akakunja kamba yake, na chai akainywa kweli.

Bi Salma alimaliza eda mashine ikikoboa kila siku. Wanawe wanne walikula, wakasoma, na mkubwa wao ndiye anayeiendesha hadi sasa, kwenye msingi uleule.

Nilichojifunza: sakafu ukishaitenga, usiache hata ukucha wa zege ukavuka. Na kabla hujajisifu, muulize anayelala upande wa pili wa ukuta. Yeye ndiye anayejua kama umemaliza.

Mafundi wenzangu, nani mwingine kazi yake iliharibiwa na urembo wake? Semeni bila haya, mimi nimeshajianika.