Gari la Mzee Thongdi Lagoma Kusukumwa

Mzee Thongdi aliendesha lori la barafu hapa Nonthaburi tangu ujana wake hadi magoti yalipomgomea, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hajui kuegesha. Sasa alikuwa ameambiwa, tena na jengo zima.

Kwenye fleti anakoishi magari ni mengi kuliko nafasi. Anayechelewa kurudi huegesha nyuma ya wenzake, huzima, huacha gia kwenye nyutro na breki ya mkono haigusi, ili anayetaka kutoka asubuhi alisukume pembeni gari lililomzibia aende zake. Asiyefanya hivyo hana adabu, basi. Jumatatu alfajiri, jirani aliyekuwa akimuwahisha mama yake hospitalini kusafishwa damu alikuta gari la Thongdi limemzibia. Wanaume walisukuma mpaka jasho likawatoka, gari likakaa vilevile. Thongdi aliposhuka, mama mgonjwa alikuwa ameshapakiwa kwenye teksi, na jirani hakutaka hata kumtazama.

"Niliweka nyutro," alisema. Akairudia kauli hiyo kwa kila mtu, mpaka akaanza kujisikia kama mwongo.

Ratri, binti yake, hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma. Alichukua ufunguo akautia mkobani, akasema gari litauzwa, na kwamba amemwekea baba miadi ya Alhamisi kwa daktari wa kumbukumbu. Thongdi akabaki akijipima mwenyewe: majina ya wajukuu, njia za barafu, mtaa kwa mtaa. Yote yalikuwepo. Lakini kila alipojaribu kuuona mkono wake ukisogeza gia jioni ile, hakuona kitu, na hapo akaogopa kweli.

Aliomba jambo moja tu: kabla ya kuuzwa, gari lipite kwa Wanpen, mwanamke mwenye gereji nyuma ya soko. Ratri akakubali, maana hata mnunuzi angetaka lililokaguliwa. Aliendesha mwenyewe. Gia ilipomkatalia kuingia, baba yake akamwelekeza avute ipite kidogo, halafu airudishe.

Wanpen aliposikia jinsi gari lilivyogoma kusukumwa aliweka kahawa yake ya barafu chini. "Mjomba, kaa hapo uegeshe kama unavyoegesha nyumbani."

Thongdi akaweka gia ya kuegesha, akazima, akachomoa ufunguo, akabonyeza kile kidude cha kuiachia gia isogee hata gari likiwa limezimwa, akavuta mkono wa gia hadi nyutro. Ratri aliona kila kitu. Wanpen akasukuma, gari halikusogea. Akawasha swichi bila kuwasha injini, akawaita wote wawili watazame dashibodi. Mkono wa gia ulikuwa kwenye nyutro, lakini taa ilisema gari bado liko kwenye kuegesha.

"Hapo amri imetoka," alisema, "lakini gia boksi haijaipata."

Akafungua boneti, akamwambia Ratri asogeze gia huku yeye akimulika chini. Kebo inayounganisha mkono wa gia na gia boksi ilikuja kwa kuchelewa, mpaka Ratri aivute gia ipite kidogo kama baba alivyomwelekeza. Bushi ya plastiki inayoishika ncha ya kebo ilikuwa imelika, ikicheza ovyo.

"Imeanza lini kutaka kuvutwa-vutwa hivyo?" Wanpen akauliza.

Thongdi alijikuna shingo. Miezi kadhaa, alisema. Lori lake la barafu lilikuwa linabembelezwa hivyohivyo maisha yake yote, kwa hiyo mkono wake ulizoea bila kumuuliza.

"Otomatiki haibembelezwi, mjomba. Ikianza kudeka, unaileta hapa. Siku nyingine ingekuambia imeegeshwa, kumbe iko rivasi, ukamponda mtu." Thongdi aliinamisha kichwa. Kosa hilo lilikuwa lake, na alilipokea karibu kwa furaha.

Wanpen alitoa betri na boksi la filta ya hewa, akafungua vifuniko vya pembeni mwa viti, akachomoa kebo ya zamani kupitia tundu la ukuta wa injini. Mpya aliipitisha njia ileile. Kabla ya kuifunga alihakikisha gia boksi na mkono wa gia vyote viko nyutro, ndipo akabana kufuli ya kebo.

Kisha akamtaka Thongdi aegeshe tena, safari hii Ratri akiwa ameketi kando yake. Mzee akafanya yote, akamrudishia Ratri ufunguo, akashuka. Wanpen akasukuma.

Gari halikusogea.

Wanpen akasukuma tena, akasimama, akachungulia dirishani.

"Nani amevuta breki ya mkono?"

Ratri alitazama mkono wake wa kulia, uliokuwa bado umeishika. "Ni mimi," alisema. "Niliogopa litateleza. Sikujua hata kama nimeivuta."

Akaishusha. Wanpen akasukuma kwa nyonga, na gari likasogea taratibu hadi kwenye rundo la matairi. Ratri akatoka, akautia ufunguo kiganjani mwa baba yake, akakifumba.

"Ile miadi ya Alhamisi usiifute," Thongdi akamwambia. "Tutapimwa wote wawili."