Yvette Alipoandika Kabila Lake

Kwa miaka sita Yvette Nimbona alibandika lebo kwenye maboksi ya vipuri vya magari, katika ghala moja karibu na bandari ya Durban, na kwa miaka yote sita hakuna aliyejua kwamba yeye ni Mutwa, wa kabila dogo linalodharauliwa kwao Burundi. Waliomuuliza aliwajibu: Mrundi, wa Ngozi. Haukuwa uongo. Lakini alijua akiongeza neno moja tu, Warundi wenzake wangemtazama kwa jicho alilolizoea tangu utotoni, kule kilimani ambako mama yake alifinyanga vyungu. Majirani walivinunua vyungu vile, wakapikia watoto wao, lakini hawakukubali kunywea kikombe kimoja na mfinyanzi.

Mwaka jana ghala likapata mkuu mpya, Mama Ntombela, Mzulu wa makamo. Katika kazi zake za zamani wakubwa walimbandika jina la Kizungu kwa sababu lake liliwashinda kutamka, na hakutaka mtu mwingine aonje hayo chini yake. Akawagawia wafanyakazi karatasi: uandike unatoka jamii gani, mila gani ungependa iheshimiwe kazini, jambo gani linakuumiza.

"Ni siri kati yangu na wewe," aliwaambia kwa Kiingereza.

Yvette alikaa na karatasi ile siku tatu katika chumba chake pale Berea. Binti yake Anaïs ndiye aliyemsukuma. "Mama, si wamesema iko siri? Andika." Kiingereza cha Yvette kilikuwa cha kuongea tu, kwa hiyo akaandika kwa Kiswahili: *Mimi ni Mutwa. Kwetu tunabaguliwa hata kwenye chakula. Naomba hapa isiwe hivyo.*

Mama Ntombela hakujua Kiswahili. Akampa kiongozi wa zamu amtafsirie. Kiongozi wa zamu alikuwa Salvator, Mrundi.

Jumatatu, wakati wa chai, Yvette alikuta mezani kikombe kipya cha plastiki kimeandikwa jina lake kwa wino mweusi.

"Maman Anaïs, hiki iko chako," Salvator alisema. Alisema kwa Kiswahili, si Kirundi, ili wafanyakazi wenzao Wakongo nao wasikie. "Nani asiyejua desturi ya kwetu?"

Wawili watatu wakacheka. Ghislaine, Mkongo aliyekula naye kila mchana kwa miaka minne, hakucheka. Alivuta tu bakuli lake la pondu, kisamvu cha kwao, akalisogeza kifuani. Hilo la Ghislaine ndilo lililomkata Yvette maini.

Alikwenda ofisini akaeleza yote. Mama Ntombela akamwita Salvator, naye akajibu bila kutetereka.

"Ni mila yetu, Mama. Hata yeye anaijua. Wewe si umesema tuheshimu mila ya kila mtu?"

Mama Ntombela akamruhusu arudi kazini. Aliogopa kuonekana mgeni anayehukumu mambo ya watu wengine. Mwishowe akaamua, kwa nia njema kabisa, kumhamishia Yvette stoo ya nyuma, peke yake, "ili uwe salama." Salvator alibaki na zamu yake. Kwenye taarifa ikaandikwa kwamba suala limetatuliwa.

Stoo ile haikuwa na dirisha. Yvette alianza kurudi nyumbani bila kuongea, na akiulizwa na Anaïs kulikoni, alisema amechoka.

Septemba, Siku ya Urithi, sikukuu ya mila ya Afrika Kusini, ilipokaribia, Mama Ntombela alimfuata huko stoo, uso umechangamka. "Salvator ananiambia watu wenu ni hodari wa ngoma. Utatuchezea?"

"Niliandika kwamba nabaguliwa, Mama. Sikuandika kwamba nacheza."

"Lakini nataka watu wakujue."

"Wameshanijua. Wewe ndiye uliyewajulisha." Yvette akaweka chini bunda la lebo. "Nikuulize. Kama Mzungu angekutengea wewe kikombe, ungesema ni mila yake?"

Mama Ntombela aligeukia mlango. Mama yake mzazi alifua nguo za Wazungu miaka thelathini, na kikombe chake cha bati kilikaa chini ya sinki, pamoja na sabuni. Hilo alilijua tangu utotoni, lakini halikuwahi kumjia kichwani katika jambo hili. "Eish," alisema polepole, akatoka.

Yvette hakucheza. Mwisho wa mwezi aliacha kazi.

Miezi miwili baadaye alipata kazi kwa dobi mmoja Westville, kufua mashuka ya wanafunzi. Siku ya kwanza wenzake walipomuuliza katoka wapi, alijibu bila kufikiri: Tanzania.

Februari, gari la Mama Ntombela likasimama mlangoni kwa dobi. Alikuwa amekonda kidogo.

"Nilikosa, sisi, dada yangu," alisema. "Karatasi yako haikupaswa kutoka mkononi mwangu."

"Hapo ulikosea kidogo. Ulikosea sana uliponitoa mimi ukamwacha yeye."

"Nataka urudi."

"Salvator bado anaongoza zamu?"

Mama Ntombela akatazama funguo za gari mkononi mwake. "Nimempa onyo la maandishi. Kazi yake anaifanya vizuri, Yvette, unajua."

"Najua," Yvette alisema. "Basi hukuja kunirudisha. Umekuja kutua mzigo wako."

Alimmiminia chai ya moto, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamsindikiza hadi kwenye gari, akarudi kwenye mashuka. Hajarudi ghalani, na msichana aliyechukua nafasi yake kule stoo ya nyuma aliambiwa tu kwamba aliyetangulia hakuelewana na wenzake.