Vitanda Viwili vya Mzee Haruna

Nilihitimu ufundi mwaka jana, na bado kila jambo nalifikiria mpaka kichwa kiniume. Mwezi uliopita Mzee Haruna alikuja karakana yetu ya Nyamirambo akitaka trela la kulala safarini, lenye springi za kuhimili barabara mbovu.

"Kijana, weka vitanda viwili," akasema, "na ukuta wa mbao katikati."

Nilidhani ni vyake na mkewe. Wazazi wangu walianza na vitanda viwili, wakaishia nyumba mbili. Nikaamua kuiokoa ndoa ya Mzee. Nilichomelea kitanda kimoja kipana, ukuta sikuuweka, kisha shangazi akanidarizia mito miwili: "Usiniache" na "Siondoki".

Siku ya kulichukua trela, Mzee alishuka garini na bibi kizee, yeye Mzee akitembea nyuma kwa adabu.

"Huyu ni mama mkwe wangu. Nampeleka kwa dada yake Kibungo. Mwonyeshe kitanda chake."

"Mzee, ningeomba kesho..."

"Fungua, mwanangu, usione haya," bibi akanibembeleza.

Nikafungua. Bibi akaona kitanda kimoja, akasoma mito, akajifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

"Mkwe wangu," akasema humohumo ndani ya kitenge, "wewe utalala garini."